Mama ananiogesha, na mimi nina miaka 34

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkwezi wa minazi huku Pangani, au niseme nilikuwa mkwezi. Nilianza kupanda nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikifuatana na baba yangu mdogo. Mwaka jana, mwezi wa tano, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, kipandio kilikuwa na utelezi, mguu ukachomoka. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka kuona makuti juu yangu na mtu mmoja akisema msimguse, mwingine akisema leteni mkeka. Aliyesema mkeka ndiye aliyesikilizwa.

Hospitali waliniambia mfupa umevunjika chini kidogo ya mbavu na uti wa mgongo umeumia. Nilipasuliwa, nikalala wiki tisa, nikarudishwa nyumbani. Kuanzia kitovuni kwenda chini sihisi kitu na miguu haiendi. Mikono yangu ni mizima, tena ni mikono ya mkwezi.

Siku ya kutoka nilikabidhiwa kiti cha magurudumu cha msaada, kilichokuja na vingine vingi vya namna hiyo hiyo. Tulipigwa picha. Hakuna aliyenipima. Ni kipana, nikikaa ninaelemea upande mmoja kama gunia la nazi lililofungwa vibaya. Magurudumu yake ya mbele ni madogo kama ya toroli la sokoni. Yakifika uani, kwenye mchanga, yanazama, na safari imekwisha. Basi nakaa barazani kuanzia asubuhi mpaka magharibi, nikihesabu wanaopita.

Mama alihamia kwetu tangu siku ile. Ananigeuza, ananiogesha, ananivalisha, ananisaidia haja zote. Analala chumbani kwangu ili anigeuze usiku, na mke wangu amehamia chumba cha mtoto. Nikinyoosha mkono tu, kikombe kimeshafika mdomoni. Nampenda mama yangu, Shangazi, sisemi kwa ubaya. Lakini juzi alikuwa ananiogesha nyuma ya nyumba, mtoto wa jirani akachungulia, akacheka, akakimbia. Nilijifanya sijamwona. Usiku sikulala.

Sasa swali langu. Ndugu na wakwezi wenzangu wamenichangia, zimefika milioni moja na laki mbili. Shemeji yangu aliyeko Dar amepata kiti cha umeme, mtumba wa Ulaya, anasema nikikipata nitakuwa huru, nabonyeza tu kinakwenda. Mjomba anataka ninunue baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Hiyo siitaki. Hapa ukionekana juu yake watu wanakutolea sarafu. Na kuna mzee kamwambia mama kwamba fedha zote zipelekwe kwa mganga, kwa kuwa nitasimama, na kiti ni kukata tamaa.

Nichague kipi? Halafu samahani kwa hili, kuna doa limetokea takoni upande ninaoelemea. Haliumi. Mama analisugua na mafuta ya nazi.

Mkwezi, Pangani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nitaijibu kuanzia mwisho, maana jambo kubwa kuliko yote umeliweka mkiani ukaliombea na radhi. Hilo doa haliumi kwa sababu hapo huhisi, na si kwa sababu ni dogo. Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa 19 nimo kitini, tangu basi lililotubeba kutoka msibani kupinduka. Mwaka wa kwanza nilikuwa na doa kama lako, ukubwa wa shilingi. Nililidharau, nikalazwa miezi minne.

Ngozi inapobanwa kati ya mfupa wa tako na kiti, damu haipiti, na nyama huanza kufa kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo unachokiona juu ni kidogo kuliko kilichopo chini. Mabango ya hospitali husema tazama wekundu. Sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hatuuoni. Tafuta mahali palipokoza rangi, au pamekuwa pa moto au pagumu ukigusa kwa mgongo wa kiganja. Kuanzia leo usilikalie hilo doa. Lala ubavu wa pili au kifudifudi, hata kama ni siku kadhaa, mpaka rangi irudi kama ya jirani zake. Ngozi ikichubuka au kutoa majimaji, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mama aache kusugua. Mafuta ya nazi hayana kosa lolote, ila kusugua kunaumiza nyama ambayo tayari inalia.

Nakutisha kidogo kwa makusudi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia watu wengi walioumia uti wa mgongo walikufa mapema, na kilichowaua mara nyingi kilikuwa vidonda kama hivyo na maradhi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, alifungua wodi ya majeruhi wa namna yetu huko Stoke Mandeville, Uingereza. Alisimamia kwamba wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mkojo uangaliwe kwa usafi, na kila mtu apewe kazi ya kufanya. Watu wakaanza kuishi. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga mishale wakiwa vitini, na hapo ndipo chanzo cha Paralimpiki. Lakini mishale ilikuja baada ya ngozi.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza katika ile milioni na laki mbili ni ya mto. Sizungumzii mto wa kochi. Nazungumzia mto wa kukalia uliokatwa kwa ajili ya mtu asiyehisi, wenye sponji ngumu chini na laini juu, umechimbwa kidogo pale mifupa ya makalio inapotua. Kuupima si kazi ngumu. Kaa juu yake, mkeo apitishe vidole chini ya mfupa wa tako lako. Akiweza kuvichezesha juu na chini, uko salama. Vikibanwa asiweze kuvitikisa, mto huo ni jiwe, hata kama dukani waliusifu. Sponji huchoka, kwa hiyo rudia kupima kila baada ya miezi michache. Na hata ukiwa na mto mzuri, kila nusu saa, au mapema zaidi, inama mbele mpaka kifua kikaribie magoti, ukae hivyo dakika moja au mbili. Kuna wanaojiinua kwa mikono, wakadhani inatosha. Huwezi kubaki juu muda wa kutosha, na unachosha mabega, na mabega hayo unayahitaji kwa miaka 40 ijayo.

Nije kwenye kiti. Kiti ni kama kiatu: ukipewa namba ya mtu mwingine, anayechechemea ni wewe. Upana wa kiti ulingane na nyonga zako, wala si zaidi. Chako ni kipana, ndiyo maana unaelemea, na ndiyo maana doa limekaa upande mmoja. Umeona mambo yalivyoshikana? Kati ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti ipite nafasi ya vidole viwili. Pa kuwekea miguu pakiwa juu sana, magoti hupanda na uzito wote hurudi makalioni. Pakiwa chini sana miguu huning'inia na wewe unateleza mbele. Ukiweka mkono juu kabisa ya gurudumu kubwa, kiwiko kiwe kimekunjika. Kikinyooka, umekaa juu mno na utasukuma hewa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti kwa nchi kama zetu, na jambo lililosisitizwa mle ni kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe mwilini mwake, kisha afundishwe kukitumia. Kiti kinachogawiwa kwa picha bila kipimo kimeishia njiani. Sikuambii ukitupe. Kaa nacho kama cha akiba, cha kuogea. Lakini nenda ukapimwe. Moshi, kwenye eneo la hospitali ya KCMC, kiko chuo cha TATCOT ambacho pia hufundisha wataalamu wa viti vya magurudumu. Dar es Salaam iko hospitali ya CCBRT. Piga simu kwanza, au waombe wa kitengo cha mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa wakuandikie barua, usije ukafunga safari ukakuta siku si yake.

Ukifika, usiseme "nipeni kiti". Sema: "Naishi kwenye mchanga." Hilo neno moja litabadilisha kiti utakachopewa. Kile ulichonacho kimebuniwa kwa sakafu ya wodi. Kwa mchanga unataka kiti kirefu mbele, ambacho gurudumu la mbele liko mbali na wewe, pana, la mpira, ili lipite juu badala ya kuchimba. Vipo vya magurudumu manne na vipo vya matatu, lile la mbele likiwa moja. Kuna mhandisi Mmarekani, Ralf Hotchkiss, aliyevunjika mgongo kwa pikipiki mwaka 1966, ambaye alitumia maisha yake kubuni viti vya barabara mbovu pamoja na mafundi wa nchi maskini waliovikalia wenyewe. Gurudumu la mbele lile pana la mpira linalowekwa kwenye viti vyao linaitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa kuwa huko ndiko lilikotoka. Nalipenda jina hilo. Waulize kama wana kitu cha namna hiyo. Na hakikisha magurudumu ya nyuma yanavaa tairi na mpira wa baiskeli ya kawaida, ili fundi baiskeli wa hapo kwenu aweze kuziba pancha bila kukuandikia barua ya kwenda ng'ambo.

Sasa shemeji yako. Ana moyo mzuri na wazo baya. Mtu ambaye mikono yake haifanyi kazi, kiti cha umeme ni uhuru wake, na ningemchangia mimi mwenyewe. Wewe una mikono iliyobeba mwili mzima kwenda juu ya mnazi! Mtumba ule wa Ulaya wenye betri za risasi kama za gari mara nyingi ni mzito kuliko mfuko wa saruji. Nani ataupakia kwenye bajaji? Ukizama mchangani, watu wanne watautoa, na wewe ndani yake. Betri ikifa hakuna duka Pangani. Utarudi barazani, safari hii ukiwa umekaa juu ya milioni moja.

Mganga nisimseme sana. Ila mzee aliyesema kiti ni kukata tamaa, mwulize miwani yake nayo ni kukata tamaa ya macho?

Baiskeli ya mikono umeikataa kwa sababu ya sarafu, na hapo nakuelewa kuliko unavyofikiri. Nilikataa hata kiti chenyewe mwaka mzima, nikitaka nibebwe, eti kubebwa kuna heshima. Lakini fikiri. Kiti kinakupitisha mlangoni, chooni, chini ya meza. Hakikufikishi kivukoni na kurudi bila mabega kuwaka moto. Baiskeli hiyo inakufikisha, maana mnyororo unakufanyia kazi na matairi yake ni makubwa. Haiingii ndani ya nyumba, kwa hiyo haiwezi kuwa kifaa cha kwanza. Iwe ya pili. Na sarafu hazitolewi kwa baiskeli, zinatolewa kwa mtu aliyesimama nayo hana la kufanya. Weka kapu la madafu nyuma na panga kiunoni uone kama kuna atakayekutupia sarafu bila kudai dafu lake. Mtu anayejua dafu kwa kuligonga kidole hahitaji kupanda ili aliuze. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mwone afisa maendeleo ya jamii, uliza utaratibu ulivyo sasa.

Fedha itakayobaki baada ya mto na kiti, iweke ndani ya nyumba. Hapa watu hawaelewi. Wananunua kifaa, kisha kifaa kinakutana na kizingiti. Mlango wa choo upanuliwe ufike sentimita 80, ufunguke kwa nje, au weka pazia zito tu. Ngazi ya baraza iwe mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Kama baraza yako imepanda sentimita 30, unataka mita 3 na sentimita 60. Utaona ni ndefu. Usimruhusu fundi aifupishe, atakutengenezea mahali pa kupindukia. Kutoka hapo mpaka njia kuu, piga ukanda wa saruji upana wa mita moja juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Ikiwa fedha haitoshi, tandika mbao. Ninyi mnajua gari likizama hutiwa makuti chini ya tairi. Njia yako nayo inataka cha kukanyaga.

Choo chenu bila shaka ni cha kuchutama. Seremala atengeneze kiti chenye tundu juu ya shimo, na hilo tundu lizungushiwe sponji na leza, maana mbao tupu itakuchana na hutajua. Kitanda kiinuliwe kwa vipande vya gogo au kikatwe miguu mpaka kilingane na kiti. Kisha ubao: urefu sentimita 70 hivi, upana wa kukaa, umepigwa msasa mpaka unateleza kama sabuni. Kiti ubavuni mwa kitanda, breki zimefungwa, ncha moja ya ubao chini ya paja na nyingine kitandani, uvae nguo ili ngozi isiburutwe. Siri yake ni kichwa: kipeleke upande wa pili wa unakokwenda, makalio yatakufuata kinyume chake. Mkwezi ataelewa hili kwa siku moja. Mimi nilichukua wiki tatu.

Mambo madogo mawili, maana huandikwa na wachache. Usiweke chai wala sufuria ya moto mapajani. Na kiti kilichoachwa juani usikikalie bila kukigusa kwa mkono kwanza.

Kuhusu mkojo hujaniambia kama umewekewa mpira wa mkojo wakati wote. Kama ndivyo, waulize huko hospitali kama unafaa kujifunza kuutoa mwenyewe kwa mpira wa kuingiza na kuchomoa, kila saa 4 hadi 6, mikono ikiwa safi. Ukiweza hilo, una siku nzima ya kutoka nyumbani, na ndoa yako nayo itapata nafasi.

Maana ndoa ndiyo nimeitafuta kwenye barua yako. Kiti umekieleza kwa mistari mingi, mkeo amepata nusu mstari, kwamba amehama chumba. Sidhani alihama kwa kukukimbia. Aliona kitandani pako hapana nafasi yake tena, pamekuwa pa muuguzi na mgonjwa. Kujigeuza usiku kunafundishika: kamba imefungwa kwenye ukingo wa kitanda, saa ya simu kila baada ya saa chache, vuta, geuka. Ukishaweza hivyo, mama hana sababu ya kulala humo. Na kioo kirefu cha mkono cha kukagulia ngozi asubuhi na jioni ukishike wewe. Palipo na shaka, aangalie mkeo.

Kwa mama usiende na maneno ya "niache nijitegemee". Atasikia unamfukuza. Chagua jambo moja, kuoga, umwambie hilo nimelichukua mimi. Kiti kile kipana, ndoo mbili, kata yenye mpini mrefu, na uzio wa makuti mrefu kuliko mtoto wa jirani. Utatumia saa nzima mahali ambapo yeye alitumia dakika kumi. Atasimama mlangoni mikono inamwasha. Akae huko huko. Yule mama alizoea kukufikishia kikombe mdomoni kwa sababu mwaka jana alikaribia kukuzika, na mikono yake haijaambiwa kuwa hatari ile imepita.

Halafu, choo kikishakamilika na ubao umeuzoea, mpe nauli aende kwa ndugu zake siku tatu. Katika siku hizo utalowesha shuka mara moja, ubao utateleza mara moja, na kuufikia mtungi wa maji kutakuchukua robo saa. Usimpigie simu. Mkeo yupo. Fueni hiyo shuka pamoja, wewe usuuze.

Shangazi